Jiko Jipya la Mama na Moto wa Jirani

Sisi tuliokulia Kumsenga tunajua kutumwa moto. Sisemi kiberiti, nasema moto wenyewe. Asubuhi ukungu bado umelala kwenye migomba, baridi ya Kibondo inakuuma vidole vya miguu, mama anakupa kigae cha chungu kilichovunjika na kukuambia, "Genda urahure." Kwetu kurahura ni kwenda kuomba moto kwa jirani. Unafika, unasalimia kwa adabu ingawa meno yanagongana, unaulizwa habari za nyumbani mpaka za mbuzi, ndipo mwenye nyumba anafukua jivu lake na kukuchagulia makaa mawili matatu yaliyoiva. Anayafunika na jivu kidogo, anakupa jani kavu la mgomba la kuwashia, halafu safari ya kurudi inaanza. Hapo ndipo penye kazi. Ukikimbia, upepo unayala makaa yote kabla hujafika. Ukijikokota, yanakufia mkononi. Tulikuwa wadogo hata kamasi hatujui kufuta, lakini mwendo wa kubeba moto tuliujua. Leo binti yangu Neema, mwanachuo mzima, mtandao ukikwama kidogo tu anasema maisha yamekuwa magumu.

Ila niseme ukweli, nyumbani kwetu hatukutumwa moto mara nyingi. Moto wa mama yangu haukuzimika. Jioni aliufukia kwenye jivu kama anayelaza mtoto, asubuhi akaufukua ukiwa hai. Kwa hiyo sisi ndio tulioombwa. Kukicha tu, mlangoni pa jiko kulikuwa na watoto wamejipanga na vigae vyao, na mimi Yusta, kifungua mimba, nilijua kila kigae kimetoka nyumba gani kabla sijatazama aliyekishika. Mama aliwagawia wote bila kuinuka, na kila mmoja alipata maneno yaleyale: "Chukua, umsalimie mama yako."

Bila kuinuka. Mlishike hilo, tutalirudia.

Jiko lenyewe lilikuwa kibanda cha fito na udongo pembeni ya nyumba kubwa, paa la nyasi. Ndani nyasi zilikuwa nyeusi na zinang'aa kwa masizi. Juu ya moto yalining'inia mahindi ya mbegu, kwa sababu mdudu hapendi moshi. Kona moja walilala mbuzi, kona nyingine kuni. Katikati mafiga matatu, na mbele ya mafiga kigoda cha mama, kilichochongwa kwa gogo moja, kimelainika kwa kukaliwa mpaka kinateleza. Kigoda kile hakukalia mtu mwingine. Hata baba, na ukali wake wote, alikuwa anaishia mlangoni, anakohoa kidogo ili ajulikane yupo, anauliza kama chakula kiko karibu, anaondoka. Akiwa ameketi pale mama alifikia kila kitu: chumvi, mwiko, kuni, na sikio la mtoto anayedokoa maharage. Na mlango ulikuwa mbele yake, kwa hiyo hakuna aliyepita njiani bila kusalimiwa.

Na chakula chake, jamani. Maharage yaliyoanza kuchemka tukiwa shule, yakatiwa mawese yaliyopandishwa kutoka pande za ziwani, rangi yake kama jua la jioni. Ugali wa muhogo unaovutika. Viazi vitamu vimefukiwa kwenye jivu, unakitoa kimoja unakirusha kutoka mkono huu kwenda huu, unakula na ganda lake na jivu lake na hakuna aliyeumwa tumbo. Tulikwenda shule tunanuka moshi darasa zima, kwa hiyo hakuna aliyejua kwamba ananuka. Ni mwalimu mmoja tu mgeni, aliyehamishwa kutoka mjini, aliyeingia siku ya kwanza, akasimama mlangoni akasema darasa hili linanuka kama samaki wa kukausha. Tulidhani anatusifia. Samaki alikuwa kitu cha sikukuu.

Mama hakuzaliwa Kumsenga. Alitokea ng'ambo, Burundi, akiwa binti tu, mimi nikiwa mgongoni, baba mbele na furushi la nguo, mvua inawanyeshea. Walipoonyeshwa pa kujistiri, hawakuwa na kitu kikavu. Mama mmoja wa Kiha, mwenyeji wa pale, ambaye baadaye tulimwita Bibi Tereza, alitoka nyumbani kwake na moto kwenye kigae, ameukinga na jani la mgomba, akauweka chini mbele ya mama. Mama aliisimulia habari hiyo mara nyingi kuliko habari yoyote ya Biblia, na kila mara aliimaliza hivi: "Alinipa moto kabla hajaniuliza jina."

Tangu hapo akajiwekea sheria. Ukihamia mahali, moto wa kwanza huwashi wewe, unauomba. Kaka yangu, anayenifuata kuzaliwa, alipojenga nyumba yake, mama alimsimamisha mkewe na kigae mlangoni kwa jirani, na kiberiti kiko mfukoni mwa kaka kinatikisika. Kaka akalalamika kwamba huo ni usumbufu. Mama akamjibu, "Unataka uishi hapa, au unataka upike tu?"

Basi, miaka ikaenda. Baba alitangulia mbele ya haki, kaka akahamia mbali kikazi, mimi nikaolewa Kasulu na hata nilipobaki mjane nikabaki hukohuko, nikiuza maharage na tangawizi sokoni. Mama akabaki Kumsenga na kibanda chake. Na moshi uleule uliotulea ukamgeuka. Macho yalikuwa mekundu kila saa. Kifua kikaanza kupiga mluzi. Ukikaa naye chumba kimoja unasikia kama kuna mtu anaita kwa mbali. Nikampeleka hospitali, na daktari hakuzunguka. Alisema mama huyu akiendelea kuinamia moshi, kifua hiki hakitafika mbali. Mtu unaweza kuwa na nywele nyeupe na bado ukaogopa kuachwa na mama yako kama mtoto wa chekechea. Mimi niliogopa, na siku zote zile sikulala vizuri.

Nikamwomba ahamie kwangu. Chumba ninacho, kitanda ninacho. Akakataa. Aliwahi kuja kunitembelea akaona jiko langu la zamani, kijia chembamba kati ya sebule na ukuta, mvua ikinyesha tunapikia chini ya upenu. Akasema, "Nyie hapa mnapika kama watu waliofukuzwa." Nikambembeleza tena, na safari hii akasema atakuja aone. Akiona panafaa, tutaongea. Mimi nikasikia neno moja tu: panafaa. Nikaamua kubomoa jiko na kujenga upya, jiko lisilo na moshi, ili asiwe na sababu.

Enzi za baba, fundi alikuwa mgeni wa nyumba. Aliyetujengea nyumba ya Kumsenga alikula kwetu na kulala kwetu mpaka tukamzoea, na alipoondoka mdogo wangu alilia. Fundi wa siku hizi anakuja na simu mbili na zote hazipatikani. "Nipo njiani, mama," na nyuma yake unasikia jogoo wa nyumbani kwake. Lakini nisiwaseme sana, maana waliokuja kwangu Mungu aliwachagua.

Wa kwanza ni Bosco, mwashi wa Titye, mrefu, ana kofia ya sufu asiyoivua hata jua likiwa kali. Bosco hawezi kushika mwiko wake kabla hajamsema fundi aliyetangulia. Aliupapasa ukuta wangu wa zamani, akaweka pimamaji, akaniangalia kwa huruma. "Mama, aliyekujengea huu ukuta, ulikuwa umemkosea nini?" Wa pili ni Fidele wa vigae vya ukutani, mtu wa kutokea Kongo, amekulia upande wa Uvira na ameoa hapa Kasulu. Huyu hana maneno mengi, anaimba tenzi za kanisani kutwa, na ukimuuliza chochote jibu ni moja: "Mama, usiogope, itakuwa bien," yaani vizuri. Nikimwambia kigae kile kimekaa upande, "Itakuwa bien." Bosco akimwambia saruji imekuwa nyepesi, "Itakuwa bien." Wakagombana kuhusu pimamaji, yupi anashusha na yupi anapandisha, mpaka nikawaambia hilo jiko nitalijenga mwenyewe kwa udongo.

Ramani aliitoa Neema kwenye simu. Alituonyesha picha za majiko ya watu, meupe kama meno, kaunta ndefu, sinki, makabati juu na chini, na dada mmoja amesimama anakata nyanya huku anacheka. Sijui nyanya ilimwambia nini. Lakini tulilipenda, wote. Bosco akasema jiko la kuni atalijenga juu ya kaunta, usawa wa kiuno, jiko banifu lenye bomba la kutoa moshi nje kabisa. Fidele akasema ukuta utapanda vigae mpaka juu. Neema akasema bibi atashangaa.

Siku zote hizo za kubomoa, nilikuwa napikia mafundi uani. Sikutaka wale mtaani. Hiyo tabia ya mama imenikaa. Niliweka matofali matatu chini, sufuria juu, nikaketi kwenye ndoo iliyofudikizwa, nikawapikia maharage na mawese. Wao wakaja wakakaa chini kunizunguka, Bosco kwenye mfuko mtupu wa saruji, Fidele kwenye ubao, Neema kwenye kizingiti na simu yake. Tukala tukicheka, nikiwapakulia palepale nilipo. Bosco akasema tangu mama yake afariki hajala maharage ya namna ile. Wakishiba wakanawa, wakaingia ndani kuendelea kujenga jiko la kusimama. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiangalia alivyokaa.

Mama alifika na basi la Kibondo, begi moja dogo na kigoda chake amekifunga kwenye kitenge. Nikamshika mkono mpaka jikoni. Mafundi walikuwa wamebaki makusudi, wamenawa nyuso, wamesimama ukutani kama wanafunzi wanaosubiri matokeo. Na kweli palipendeza. Vigae vyeupe, kaunta inang'aa, jiko limekaa juu lina mdomo mzuri wa matofali, makabati yananuka vanishi.

Mama akatazama kote. Akasema, "Ni pasafi. Kama zahanati."

Fidele akatabasamu. Mimi nilimjua mama, sikutabasamu.

Akafungua kitenge, akatoa kigoda, akatafuta pa kukiweka. Akakiweka mbele ya jiko, akaketi. Mbele ya uso wake kulikuwa na mlango wa kabati. Jiko lilikuwa juu ya kichwa chake. Akanyoosha mkono kuelekea kwenye kaunta, ukafika ukingoni tu, ukapapasa, kama mtoto anayetafuta mandazi mezani. Akageuka kutafuta mlango wa nje, akaona ukuta. Akaurudisha mkono wake mapajani.

"Urakoze, mwanangu," akasema. Asante. "Umefanya kazi kubwa. Jumapili baada ya ibada nitarudi kwangu."

Nilikuwa na hasira na sijui namkasirikia nani. Nilitamani nimwambie, mama, daktari alisema nini, ulisikia au hukusikia. Nilitamani nimwambie kwamba watu wote mjini wanapika wamesimama na hawajafa. Lakini yule pale alikuwa mwanamke aliyepika maisha yake yote ameketi, magoti yake ni ya kukaa, macho yake ni ya kutazama njia, na mimi nimemjengea jiko la yule dada wa kwenye simu.

Aliyesema ni Bosco. Alivua ile kofia yake, kwa mara ya kwanza nikaona ana upara. "Mama yangu naye alikuwa anakaa," akasema. "Nimejenga majiko Kasulu nzima, sijawahi kufikiria hilo."

"Na ya mimi pia," Fidele akasema. "Kitebe yake ilikuwa hivi," akaonyesha kwa mkono chini ya goti.

"Hicho ni kirefu. Cha kweli ni hivi," Bosco akasema, akashusha mkono.

"Mi nakwambia ilikuwa hivi. Nilikuwaka nakaa karibu yake."

Wakaanza kubishana jikoni kwangu, watu wazima wawili wameinama, kila mmoja anapima kwa kiganja kigoda cha mama yake, na kila mmoja anaona mwenzake anadanganya. Mama yangu aliwatazama weee, mwisho akacheka, na kicheko kikamletea kikohozi, na kikohozi kilipoisha akasema, "Yemwe, acheni. Nipimeni mimi."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Bosco alitoa kamba yake, akapima kutoka begani kwa mama mpaka sakafuni, na kutoka begani mpaka ncha ya vidole, kwa heshima zote, kama fundi cherehani anayepima gauni la harusi. Kesho yake akabomoa nusu ya kaunta aliyoijenga mwenyewe, akiguna kila nyundo ikishuka. Alisema kubomoa kazi ya mwingine ni raha, lakini ya kwako inauma kama jino. Akajenga jiko jipya chini, mdomo wake usawa wa mikono ya mtu aliyeketi, bomba likapanda kwenye kona na kutokea juu ya paa. Akatoboa ukuta wa upande akaweka mlango unaotazama geti. Fidele akazungushia vigae, na vile vilivyovunjika akavipanga sakafuni mbele ya kigoda. Nusu nyingine ya kaunta ikabaki kwa ajili yetu sisi tunaosimama, na Neema akapata pa kupigia picha zake.

Mama alikaa palepale kwenye vumbi la ujenzi akiwaelekeza, kitenge puani. "Hapa chumvi. Hapa mwiko. Hapa kuni. Hapa acheni nafasi ya mtoto."

"Mama, hakuna mtoto hapa," nikamwambia. "Neema ni mkubwa."

"Atakuja," akasema. Neema akainuka akaenda zake nje.

Jiko likakauka. Siku ya kuwasha Neema akaleta kiberiti. Mama akautazama mkono wake kama ameshika nyoka. "Oya," akasema. Hapana. Halafu akanigeukia mimi. "Yusta. Jirani yako ni nani?"

Jirani yangu. Ukuta kati yetu una vipande vya chupa juu. Anaitwa Mama Elia, mwalimu mstaafu, tumekaa ubavu kwa ubavu miaka na miaka, na tunachojuana ni salamu za kanisani na mchango wa misiba. Nikamweleza mama kwamba huyo anapikia gesi. Mama alinitazama, na lile jicho nalijua tangu nikiwa na kamasi.

Nikatafuta kigae cha chungu nyumba nzima, sina. Nina plastiki, nina alumini, chungu sina. Fidele akaniokotea kipande cha kigae chake cheupe, akakimwagia jivu juu ili kisipasuke na moto. Nikachuma jani kavu kwenye mgomba wa nyuma. Nikatoka barabarani hivyo, mama mzima wa watu, mwenye meza yake sokoni, na vijana wa bodaboda wananitazama.

Mama Elia alifungua geti, akaona uso wangu, akaona kigae, akaona jani. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu. Sikuyahitaji, kwa sababu mwalimu yule kazaliwa Kagerankanda, kijiji ambako nako watoto walirahura.

"Mama yako anahamia?" akauliza.

"Sijui," nikamwambia. "Ndiyo maana nimekuja."

Akanipeleka jikoni kwake. Akawasha gesi, akaiangalia, akaizima. Akasema moto huu hauna kaa, utaubebaje. Akaenda stoo akaburuta jiko la mkaa ambalo huchomea mahindi, akauwashia mkaa kwenye gesi, tukakaa kwenye ngazi yake kusubiri ushike. Pale kwenye ngazi nikajua kwamba naye alimuuguza mama yake kifua, na hakuwahi kupata nafasi ya kumjengea chochote. Nikajua majina ya wajukuu zake. Maongezi ya kusubiri mkaa yalizidi ya miaka yote tuliyokaa pale. Ulipoiva akanichagulia makaa mazuri, akayafunika, nikaondoka, si mbio si polepole. Miguu ilikumbuka yenyewe. Nyuma yangu namsikia Mama Elia anakuja, hakuweza kubaki.

Mama aliupokea moto kwa mikono miwili. Akauweka, akaweka majani, vijiti, akainama akapuliza. Mimi sikutazama moto, nilitazama mgongo wake, nasubiri kikohozi. Moshi ukajikusanya kidogo, ukafikiria, ukaingia kwenye bomba. Bosco akatoka mbio kutazama paa, tukamsikia akiita kutoka nje, "Unatoka! Unatoka huku!" Mama hakukohoa. Akanyoosha mkono kushoto bila kutazama, akakuta chumvi.

Tulikula maharage siku ile sote, mafundi na mwalimu wetu, na mama akatupakulia bila kuinuka.

Lakini kuhusu kubaki hakusema neno. Jumapili aliyoitaja ilikuwa imepita kwenye vumbi la ujenzi, na iliyofuata akasema kuna matope, ataondoka mvua ikikatika. Mvua ikakatika akasema amwone kwanza Mama Elia akivuna mahindi yake ya uani. Sikuthubutu kumuuliza. Kila nikirudi sokoni nilikuwa natazama kwanza kama kitenge chake kiko kwenye kamba, ndipo naingia na moyo uliotulia. Kifua bado kina mluzi wake, si kwamba kimepona, lakini analala mpaka asubuhi, na macho yameanza kuwa meupe.

Nimewahi kusikia watu wa rika langu wakisema wanatamani majiko yetu ya zamani. Mimi sitamani. Lile paa jeusi tulilolipenda lilikuwa linaingia kwenye vifua vya mama zetu, na sisi watoto tukala viazi hatujui. Bomba la Bosco nalibariki kila siku. Ninachokitamani ni ile foleni ya vigae mlangoni. Enzi zile ulikuwa huwezi kukosana na jirani hadi mwisho, kwa sababu kesho asubuhi mmoja wenu moto utazimika. Sasa kila mtu ana mtungi wake wa gesi na ukuta wake, na watoto wetu wana marafiki nchi za mbali, ila aliye nyuma ya ukuta hawamjui jina. Nilidhani hilo limekwisha, halirudi, na nikawa nimezoea.

Juzi mchana nilikuwa kwenye ile nusu yetu ya kaunta nakata vitunguu. Geti lilikuwa wazi. Ng'ambo ya barabara, kwenye vyumba vya kupanga, bajaji ya mizigo ilishusha godoro, ndoo na binti mmoja ana mtoto mgongoni. Binti akasimama katikati ya vitu vyake anatazama huku na huku, kama hajui aanzie wapi. Mama alimwona kutoka kwenye kigoda.

"Yewe, mwana wanje, njoo," akamwita. Mwanangu.

Binti akaja, akapiga magoti kidogo kusalimia. Mama akamuuliza kama ana moto.

"Nina kiberiti, bibi," binti akajibu, na akakitoa kumwonyesha.

"Kiweke."

Mama akachukua kile kigae cheupe cha Fidele, ambacho siku zote hizi alikuwa amekisimamisha kando ya jiko, akakiwekea jivu, akaanza kumchagulia makaa. Binti akabaki ameduwaa. Hajui ashike wapi. Mama akamwambia amshushe mtoto kwanza, na mtoto akawekwa pale kwenye nafasi iliyoachwa, akanyamaza anatazama moto.

"Bibi, na wewe ni wa hapa au umekuja kutembea?" binti akauliza, nadhani kwa sababu ya lile begi dogo lililokuwa bado limesimama kando ya mlango.

Kisu changu kikasimama kwenye kitunguu.

"Mimi ni wa hapa," mama akasema, akimfunikia kaa la mwisho. "Jirani yako. Haya, na wewe unaitwa nani?"